Kuibuka salama baada ya kuzamia na mtungi

Wazamiaji wapya hujiandaa sana kushuka, lakini hatari kubwa iko kwenye kupanda. Juu ya maji mwili hubeba mgandamizo wa baa 1, na kila mita 10 za kina huongeza baa 1 nyingine. Kadiri mgandamizo unavyozidi, ndivyo naitrojeni ya kwenye hewa unayovuta inavyoyeyuka kwenye damu na misuli. Ukipanda polepole, hutoka kwa pumzi. Ukikurupuka, hugeuka mapovu humohumo mwilini.

Hatua ya 1. Anza kupanda mapema, ili uibuke mtungi ukiwa bado na baa 50. Mwonyeshe mwenzako dole gumba juu, na usiondoke mpaka akujibu kwa ishara hiyohiyo.

Hatua ya 2. Usijaze hewa jaketi lako la kuelea ili likubebe. Piga mapezi. Hewa iliyomo jaketini hutanuka yenyewe unapopanda, kwa hiyo inua bomba lake kwa mkono wa kushoto na uitoe kidogo kidogo.

Hatua ya 3. Usibane pumzi hata kidogo. Hewa uliyovuta kwenye mita 10 huwa maradufu ikifika juu, na mapafu yanaweza kupasuka.

Hatua ya 4. Usizidi mita 9 kwa dakika. Kompyuta ya kuzamia unayovaa mkononi itakuonya. Ukitumia geji ya kina na saa, hesabu mita 3 kwa kila sekunde 20.

Hatua ya 5. Simama kwenye mita 5 kwa dakika 3. Hapa ndipo ninapowasisitizia sana wanafunzi, maana wengi huwa wameshauona mwanga na wanataka kutoka. Ukitoka mita 30 hadi 20, mgandamizo hupungua kwa robo tu. Ukitoka mita 10 hadi juu, hupungua kwa nusu nzima. Shika kamba, pumua taratibu, macho kwenye namba ya kina. Mtungi wa alumini ukikaribia kuisha huwa mwepesi na hukuvuta juu, hivyo pima uzito wa mkanda wako kwa kuzingatia hilo kabla ya kuzama. Kompyuta ikikuamuru kusimama zaidi, tii mpaka ikuruhusu. Mbinu ya kupanda kwa vituo tumeipata kwa John Scott Haldane, mwanasayansi wa Uskoti aliyechapisha majedwali yake mwaka 1908 baada ya majaribio ya mbuzi, na mpaka leo hesabu hizo ndizo msingi.

Hatua ya 6. Mita 5 za mwisho zipande polepole kuliko zote.

Kabla ya kupanda ndege, subiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, au saa 18 kama ulizama mara kadhaa. Ndani ya saa 24 jichunguze: maumivu ya bega au kiwiko, ganzi, vipele, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida. Dalili yoyote ikitokea, mlaze mgonjwa, mpe oksijeni safi, mpigie daktari wa wazamiaji ili apelekwe kwenye chumba cha mgandamizo. Usimrudishe majini, hata akikwambia amepata nafuu.