Jinsi ya kutengeneza kasiksi nyumbani mwishoni mwa juma

Kasiksi, pombe ya ndizi inayojulikana Bushi, nchi ya Washi mashariki mwa Kongo, na Kivu nzima, haihitaji shayiri wala hopsi za kuagizwa Ulaya, haihitaji umeme, wala haihitaji mapipa ya chuma ya bei ghali. Kwa hiyo mkaaji wa Bukavu anayetamani kupika pombe yake mwenyewe siku za mapumziko afadhali aanze nayo kabla ya kuwaza bia ya kimea. Vyombo vyote viko jikoni au katika soko la Kadutu. Kinachotakiwa zaidi ni kupanga siku, kwa sababu kazi inayoonekana, yaani kukamua, hufanyika Jumamosi, lakini ladha huamuliwa tangu Jumatatu, pale ndizi zinapofukiwa ili ziive.

Si kila ndizi hutoa maji. Ndizi za kupika, na hata ndizi tamu za kula mezani, ukizikanda hugeuka uji mzito usioachia chochote. Ndizi za pombe zina taneni nyingi, ambazo ndizo zinazoleta ule ukakasi unaokunja ulimi ukiionja ikiwa mbichi. Taneni hizo hushikamana na vitu vinavyofanya nyama ya ndizi inate, na hivyo juisi hujitenga ikiwa karibu angavu. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka ndizi za kukamua, kisha kata ndizi moja katikati kabla ya kulipa. Ukiona madoa ya manjano yaliyochafuka au ya kahawia ndani ya nyama yake, au ukiona mkungu mmoja una vidole vilivyoiva na vingine vibichi bila mpangilio, uache, maana huenda umetoka kwenye mgomba wenye mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huo uliripotiwa nchini mwetu mara ya kwanza huko Masisi mwaka 2001, na umepunguza sana migomba ya pombe katika Kivu zote mbili. Mwenye migomba michache uani anaweza kuilinda kwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga, kwa kuwa wadudu huleta ugonjwa kupitia ua hilo, na panga huuhamisha kutoka shina hadi shina.

Kuivisha ndiyo sehemu inayostahili uangalifu mkubwa kuliko zote. Ndizi mbichi ni wanga, na hamira haili wanga; inasubiri wanga huo ugeuke sukari. Kijijini huchimbwa shimo, likapashwa moto kwa kuchoma majani makavu ya mgomba, ndizi zikapangwa ndani, zikafunikwa kwa majani na udongo, na moshi ukaelekezwa humo kupitia tundu dogo. Joto husaidia, na moshi nao una ethilini, gesi ileile inayotolewa na matunda yanapoiva. Mjini, ambapo wengi wetu hatuna hata mita moja ya udongo wa kuchimba, pipa la plastiki au gunia nene litatosha: tandika majani makavu ya mgomba, panga ndizi zilizotenganishwa, weka katikati maparachichi mawili au marakuja kadhaa yaliyoiva ili yatoe ethilini, funika, kisha weka chombo jikoni karibu na mbabula, yaani jiko la makaa. Bukavu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 na usiku wake ni wa baridi, kwa hiyo hesabu siku 4 hadi 6, na usishangae zikizidi wakati wa mvua.

Ijumaa jioni zikague moja moja. Ndizi iliyo tayari ina ganda la manjano lote, bila kijani kwenye ncha, na ukiimenya ganda hutoka kwa mvuto mmoja bila kubeba nyama. Ikiwa ganda linashika, ngoja siku moja zaidi. Ikiwa ndizi imelegea kiasi kwamba kidole kinazama, imepitiliza, nayo itachafua juisi ya wenzake. Itoe, uile au uikaangie mikate. Ni afadhali kuahirisha kukamua kuliko kukamua ndizi ambazo hazijafika, na hapo ndipo wanaoanza huponzwa na haraka ya kutaka kunywa Jumapili.

Jumamosi asubuhi anza na usafi. Kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa kandokando ya Ziwa Kivu, kwa hiyo maji yote yatakayoingia katika kinywaji yachemshwe usiku uliotangulia na kuachwa yapoe yakiwa yamefunikwa. Ndoo, mabeseni, chujio na mikono vioshwe kwa sabuni. Vyombo visuuzwe kwa maji yenye Javel (dawa ya klorini ya kuua vijidudu), kijiko kikubwa kimoja katika lita 4, kisha visuuzwe tena kwa maji yaliyochemshwa hadi harufu iishe. Tumia mti, plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu. Bidoni iliyowahi kubeba mafuta ya gari au rangi haisafishiki, hata ukiisugua wiki nzima.

Mkungu wa kilo 20 hutoa lita 5 au 6 za juisi, nawe usitegemee zaidi. Menya ndizi ndani ya beseni pana, kisha ongeza mafungu mawili ya nyasi ndefu ngumu, zile zinazoezekewa nyumba, zikiwa zimeoshwa na kukatwa kwa urefu wa mkono hadi kiwiko. Nyasi hizi hushika nyama ya ndizi na kuacha njia ndogo ndogo ambazo juisi hupitia. Kanda kwa viganja, ukisukuma na kukunja kama anayekanda unga wa mandazi. Kwa muda utaona donge tu, zito, linalonata hadi kwenye vifundo, na utajaribiwa kuongeza maji. Usiongeze, kwa sababu maji yakiingia mapema utabaki na uji. Endelea. Ghafla donge litaanza kung'aa, povu jeupe litatokea kati ya vidole, na juisi ya rangi ya majani makavu itakusanyika chini ya beseni. Hapo inamisha beseni, bana nyasi pembeni, na umimine juisi kupitia kitambaa safi. Baada ya hapo sasa unaweza kusuuza machicha kwa lita moja au mbili za maji yaliyochemshwa na kupoa, ukayakamua tena, na maji hayo ukayatunza kwa ajili ya kupunguzia.

Juisi hii ikiwa bado haijachacha ndiyo mutobe, kinywaji cha watoto na cha wasiokunywa pombe, na ni uungwana kuwatengea chupa yao kabla ya kuendelea. Inayobaki ionje. Mara nyingi ni tamu kupita kiasi, na huongezewa maji nusu yake hadi sawa na yenyewe. Mwenye densimetri, kifaa kinachoonyesha juisi ilivyo nzito ikilinganishwa na maji, apime: densiti ya mwanzo ya karibu 1.048 ni nzuri kwa pombe ya kunywa mchana. Pombe ikitulia kwenye 1.010, toa namba ya mwisho katika ya mwanzo, zidisha tofauti kwa 131, nawe utapata takriban asilimia 5 ya kileo, karibu sawa na bia ya kawaida ya chupa. Asiye nacho kifaa hicho ategemee ulimi: baada ya kuongezewa maji, juisi ibaki tamu kama chai ya mtu anayependa sukari.

Mtama mwekundu hufuata. Nusu kilo ya mtama kwa lita 10 za juisi iliyopunguzwa inatosha. Ukaange kwenye sufuria kavu, moto wa makaa ukiwa mdogo, ukiukoroga bila kuacha hadi upasukepasuke na kunukia, kisha usagwe ukiwa mkavu, usiwe laini sana. Unga huo, ukichanganywa na juisi, huipa kasiksi rangi yake, harufu ya kuchoma, na chakula ambacho juisi ya ndizi peke yake haina cha kutosha kwa hamira. Ukiungua na kuwa mweusi, kaanga mwingine, kwa maana uchungu wa mtama ulioungua haufichiki.

Kuhusu hamira kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya jadi: hamira za porini zilizoko kwenye maganda, mikononi, katika unga na kwenye mbao za chombo hujifanyia kazi zenyewe, au huongezwa kikombe cha kasiksi ya juzi. Ladha yake ni pana, yenye uchachu kidogo, lakini hubadilika kila mara, kwa kuwa bakteria nao wamealikwa. Ya pili ni kuchukua kijiko kidogo kimoja cha hamira ya mkate kwa lita 10, kuilowesha katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, kisha kuichanganya na juisi. Mimi napendekeza ya pili kwa anayeanza, na kurudi kwenye ya kwanza akishajua kasiksi safi inavyopaswa kunukia. Wengine huipasha juisi hadi nyuzi 75 kwa dakika 10 na kuipoza kabla ya kutia hamira. Kwa kasiksi ya kunywewa siku mbili zijazo naona inapoteza harufu ya ndizi bure, lakini kwa ile ya kuwekwa kwenye chupa ina faida.

Jaza ndoo robo tatu tu, kwa sababu povu hupanda. Funika kwa kifuniko chenye tundu, pitisha mpira mwembamba, na uzamishe ncha yake nyingine katika chupa ya maji, ili gesi itoke na nzi wa siki wasiingie. Zungushia ndoo blanketi kuukuu. Baada ya saa kadhaa mpira utaanza kububujika, na unga wa mtama utapanda na kushuka ndani ya ndoo. Usiiweke katika chumba kidogo kilichofungwa ambamo watu hulala: lita 10 za kasiksi ya asilimia 5 hutoa zaidi ya lita 200 za hewa ya ukaa, gesi ileile ambayo wakaaji wa Goma na Sake huiogopa kwa jina la mazuku, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hulala chini ilipo mikeka.

Jumapili jioni kasiksi changa huwa tayari, bado ina utamu na povu. Jumatatu au Jumanne huwa kavu zaidi na yenye nguvu. Ichuje kwa kitambaa, uiweke mahali pa baridi, na uinywe ndani ya siku 3, kwani ikishaonana na hewa huelekea kuwa siki.

Anayetaka iwe na gesi angoje hadi densiti isibadilike kwa siku mbili mfululizo, au hadi mpira usibubujike kabisa, ndipo aihamishe bila mashapo, aongeze gramu 6 za sukari kwa kila lita, na kuitia katika chupa za plastiki za soda. Chupa ya plastiki ikiwa ngumu kama jiwe kidoleni, ipeleke kwenye baridi na uifungue polepole. Chupa ya kioo haitoi onyo la namna hiyo. Pombe isiyomaliza kuchacha huweza kuipasua. Na hata kasiksi yako ikizidi, usijaribu kuigeuza kanyanga, yaani pombe kali ya kukeneka, maana kukeneka bila vifaa na ujuzi hukusanya methanoli, ambayo hupofusha na kuua.

Machicha wape nguruwe, au uyatandaze chini ya migomba. Mashapo yaliyobaki chini ya ndoo chota nusu kikombe, uyatie katika chupa safi yenye kizibo kilicholegezwa kidogo, na uyaweke mahali pa baridi kwa ajili ya Jumamosi inayofuata. Kabla ya kuyatumia yanuse: yakinukia mkate, yamimine katika juisi mpya, yakinuka siki, yamwage na urudi kwenye hamira ya dukani.