Kushoto ndiko waliko watu: namna ya kutazama na kutumia vioo ukiwa na tela

Naendesha semi kati ya Arusha, Moshi na Tanga. Siku ambazo sina mzigo nakaa kiti cha kushoto na kumwelekeza kijana anayetoka kwenye Fuso kuhamia kwenye tela. Jambo la kwanza ninalomtaka afanye ni kutazama barabara ya Sakina hadi Tengeru na kuniambia watu wako upande gani. Vifodi, yaani daladala ndogo, vinasimama kushoto. Bodaboda wanajipenyeza kushoto. Mama mwenye beseni la parachichi, wanafunzi wanaotoka shule, toyo (pikipiki ya mizigo ya matairi matatu) lenye mabati, ng'ombe wanaopelekwa malishoni, wote wako ukingo wa kushoto. Sisi usukani uko kulia, na kiti kiko juu sana kutoka ardhini.

Ndiyo maana maelezo haya yote yameelemea kushoto. Ukitazama video za mafunzo kutoka Marekani au Ujerumani, kumbuka kwamba madereva wao wanakaa kushoto na kuendesha upande wa kulia. Wakisema jihadhari na kulia, wewe geuza.

Vioo vipangwe gari likiwa limesimama

Egesha mahali tambarare, hosi (kichwa cha lori kinachovuta tela) na tela zikiwa kwenye mstari mmoja. Rekebisha kiti kwanza, uegemee unavyoegemea ukiwa safarini, ndipo uguse vioo. Anayepanga vioo kisha akasogeza kiti amefanya kazi bure. Kama swichi ya kioo cha kushoto imekufa, utingo akisogeze kwa mkono huku ukimwelekeza, na asiondoke pale mpaka uridhike.

Kwenye kioo kikuu, ubavu wa tela uonekane kama ukanda mwembamba tu upande wa ndani. Vijana wengi nawakuta wamejaza nusu ya kioo kwa turubai lao wenyewe. Tela unajua lipo. Unachotafuta ni barabara iliyo kando yake. Kwa kimo, tairi la mwisho la tela lionekane likigusa lami, na juu yake ubaki na barabara ya kutosha kuona anayekuja nyuma.

Kile kidogo kinachokaa pamoja na kioo kikuu ni kioo mbinuko. Kinakupa eneo pana, lakini kinafanya kila kitu kiwe kidogo na kionekane kiko mbali. Bodaboda unayedhani yuko nyuma ya tela anaweza kuwa usawa wa tangi lako la dizeli. Kitumie kujua kwamba kuna mtu, halafu rudi kwenye kioo kikuu kupima umbali wake. Na hata hicho kikuu kwenye malori mengi kimebinuka kidogo, kwa hiyo unaporudi upande wako baada ya kulipita gari lingine, ongeza nafasi kuliko kioo kinavyokuonyesha.

Kuna viwili vingine. Kimoja kipo juu ya mlango wa kushoto na kinatazama chini, kingine kipo juu ya dirisha la mbele na kinaonyesha bampa lako. Kwenye malori yaliyoingia nchini yakiwa yametumika, mara nyingi hivi ndivyo vilivyovunjwa na tawi au na lori jingine, na mwenye gari hakuvirudisha kwa sababu gari linatembea tu bila hivyo. Linatembea, ndiyo, lakini mtu anayesimama mbele ya bampa au chini ya mlango wa kushoto hana namna ya kuonekana. Mwambie bosi wako kwa adabu, lakini mwambie. Kioo cha mlangoni ni bei ndogo kuliko tairi moja.

Vioo vikishakaa sawa, fanya zoezi hili mara moja kwa kila gari unalokabidhiwa. Kaa kwenye usukani. Utingo achukue kipande cha chokaa na aanze kutembea taratibu kulizunguka gari, akilikaribia na kujitenga nalo. Kila anapopotea kwenye vioo vyote na madirisha yote, piga honi fupi, naye aweke alama pale aliposimama. Kisha arudie akiwa amechuchumaa, maana mtoto wa darasa la kwanza ana kimo hicho. Mkimaliza, shuka ukatazame alama. Utaona zimejaa mbele ya bampa, zimejaa kushoto kuanzia tairi la mbele kurudi nyuma, na nyuma ya tela kuna eneo zima ambalo hujawahi kuliona tangu uanze kuendesha. Sijaona maneno yanayomwingia kijana kama dakika zile anazosimama kutazama zile alama.

Vinavyokuziba macho

Pazia zenye nyuzi, maua ya plastiki, bendera ya timu, stika kubwa kwenye kona ya kioo cha mbele. Vitoe. Najua gari ni nyumba yetu na mtu anapenda ipendeze, lakini pambia kitanda cha nyuma. Malori mengine yana kidirisha chini ya mlango wa kushoto; kimewekwa pale uone anayesimama ubavuni, na karibu kila gari ninaloingia nakuta kimezibwa na begi au jerikeni la maji.

Futa vioo kila unaposimama, pamoja na taa za tela. Kiangazi ukitoka Longido vumbi linashika kama unga. Mwezi wa saba, ukungu wa asubuhi Arusha unaacha unyevu kwenye vioo, na kama hita ya kioo inafanya kazi iwashe kabla hujatoka yadi. Jua nalo lina ratiba yake. Ukitoka Arusha asubuhi kwenda Moshi linakupiga usoni. Ukitoka Moshi asubuhi kwenda Arusha linakaa ndani ya vioo, na pikipiki iliyo nyuma yako inamezwa na mwanga. Saa hizo punguza mwendo kabla ya kubadili njia, kioo kitazame mara mbili, mara tatu.

Ukiwa kwenye mwendo

Gari zito likiwa nje ya mji mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo unakula mita 22 kila sekunde. Ukikodolea kioo sekunde mbili, umesafiri mita 44 bila kutazama mbele. Kwa hiyo kutazama kioo kuwe kufupi na kwa mara nyingi: mbele, kushoto, mbele, kulia, mbele. Kila unaporudisha macho uwe umepata jibu la jambo moja tu. Ukihitaji kujua zaidi, rudi tena.

Kioo kinatangulia kila unachotaka kufanya. Kabla ya kuondoa mguu kwenye mafuta, kabla ya breki, kabla ya indiketa. Halafu baada ya indiketa unatazama tena, kwa kuwa indiketa yenyewe inawafanya watu wabadilike: mwingine anasubiri, mwingine anakimbilia kupita kabla hujageuka. Na gari lililoonekana kwenye kioo cha kulia kisha likapotea bila kukupita, bado liko pale. Limejificha nyuma ya tela au usawa wa mlango wako. Usisogee kulia mpaka ujue lilikokwenda.

Kuna desturi ya kumwashia aliye nyuma indiketa ya kushoto kumwambia apite, na ya kulia kumzuia. Mimi ile ya kumruhusu siifanyi, na ninaowafundisha nawakataza. Huwezi kumhakikishia mtu barabara usiyoiona yote kwa niaba yake. Zaidi ya hapo, mama aliyesimama ukingoni akiona indiketa ya kushoto anaelewa kwamba unasimama, naye anaanza kuvuka.

Ukiteremka kwenda daraja la Kikavu, kati ya Boma Ng'ombe na Moshi, vioo vina kazi nyingine. Tazama matairi ya tela. Moshi mwepesi pale unakuambia breki zimeshika joto, na ukiuona mapema bado una gia ya kukushikilia. Tazama pia kamba na turubai kila baada ya kona kali na kila baada ya tuta. Huko huko kwenye mteremko ndiko mtu wa gari dogo anapoamua kukupita, kwa hiyo kioo cha kulia kisikae muda mrefu bila kutazamwa.

Kona ya kushoto

Hapa nitakaa kidogo. Chukua Njia Panda ya Himo, unatoka Same na unataka kukata kushoto kuelekea Moshi. Pana wauza ndizi, pana bodaboda wanaosubiri abiria, pana mabasi yanayoshusha.

Anza mbali. Tazama kioo cha kushoto, washa indiketa mapema, punguza mwendo, tazama tena. Matairi ya nyuma ya tela hayafuati njia ya hosi. Yanakata ndani, karibu na ukingo, na tela likiwa refu ndivyo linavyokata zaidi. Ndiyo sababu dereva analazimika kwenda kulia kidogo kwanza. Tatizo ni kwamba ukienda kulia mapema, kushoto kwako pametokea nafasi, na bodaboda akiona nafasi anaingia. Basi kaa karibu na ukingo wako kadiri unavyoweza, ingia ndani ya makutano ukiwa umenyooka, ndipo ukate. Nafasi ikifunguka, ifunguke wakati umeshaanza kugeuka na watu wameona unakoelekea.

Kabla mkono haujazungusha usukani, tazama vinne kwa kufuatana: kioo kikuu cha kushoto, kile kilichobinuka, kile cha mlangoni, kisha cha mbele. Ukianza kukata, ubavu wa tela utajaa kwenye kioo kikuu na hutaona kitu nyuma yake. Tegemea kilichobinuka, na jicho lifuate tairi la mwisho mpaka lipite kona. Wakati huo huo tupa jicho mbele, kwa sababu hosi nayo inaelekea kwa watu. Mwendo uwe wa mtu anayetembea. Honi za walio nyuma ziache zipige.

Utingo hapa ni jicho lako. Ashushe dirisha la kushoto, atoe kichwa, atazame kuanzia mlangoni kurudi nyuma. Nimekubaliana na wangu neno moja tu: simama. Akilisema nakanyaga breki bila kuuliza, hata kama mimi naona pako wazi. Sitaki aniambie "pita, pita", kwani hilo linanifanya niache kutazama mwenyewe. Na kijana wa kazi hii alale usiku. Madereva wanaomfanya utingo abebe mizigo usiku kucha halafu asubuhi wanamtegemea awaangalizie kona, wanamwonea yeye na wanawaonea walio barabarani.

Kipilefti na stendi

Ukiingia kipilefti kama ile ya YMCA pale Moshi, wenye haki ya kupita wanatoka kulia. Upande huo una nguzo ya dirisha na kioo kikubwa, na vikiungana vinaweza kuificha pikipiki nzima. Mbaya zaidi, pikipiki ikija kwa mwendo unaolingana na wako, inabaki imefichwa muda wote mpaka mnakutana. Dawa yake ni kusogeza mwili: inama mbele, rudi nyuma, inama tena. Usigeuze shingo tu.

Kwenye stendi za vifodi, tazama chini ya magari yaliyosimama. Miguu inaonekana kabla ya mtu. Tazama magurudumu ya mbele ya kifodi, yakianza kugeukia barabarani anatoka, awe ameonyesha indiketa au hakuonyesha. Tengeru siku za soko, Jumatano na Jumamosi, mimi naendesha kama kila mtu ninayemwona atavuka.

Kurudi nyuma

Kama una uchaguzi, panga gari ili tela likunje upande wa kulia, ambapo unaliona kwa dirisha lako mwenyewe. Kabla hujaweka rivasi, shuka uzunguke, utazame pia juu: nyaya, paa la ghala, matawi. Zima redio. Fungua madirisha yote mawili.

Utingo asimame pembeni, mahali unapomwona kwenye kioo muda wote, na asitembee kamwe katikati ya tela na ukuta. Akipotea kwenye kioo hata kwa sekunde moja, simama, vuta hendibreki, umsubiri aonekane. Watu wa ghalani na wabeba mizigo watakuelekeza wote kwa pamoja, kila mmoja na mkono wake. Fuata mmoja mliyekubaliana naye tu. Usiku avae koti la kuakisi na awe na tochi, na tochi hiyo aielekeze chini kwenye tairi la mwisho, isimulike kwenye kioo chako.