Hesabu ya mtambo wa biogesi wa taka za soko, Dodoma

Kabla ya kuchimba shimo la mtambo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na taka zinazooza, tafuta mizani. Kwa siku 7 mfululizo pima taka zinazooza tu. Chupa za plastiki, makopo na maboksi viwekwe kwenye magunia yake viuzwe kwa kilo. Katika soko kama Majengo, faida huanzia kwenye uchambuzi pale pale kibandani. Taka zikishachanganyika, ujira wa kuzitenganisha humeza mapato yote, na mfuko mmoja ukipenya huziba bomba.

Chukua mfano wa kilo 30 kwa siku. Kilo 1 ya mabaki ya mboga na chakula hutoa takriban lita 60 za biogesi, yaani mita za ujazo 1.8 kwa siku. Mita 1 ya ujazo hupika karibu sawa na kilo 0.45 ya gesi ya mitungi, hivyo kwa mwezi unaokoa kilo 24 hivi. Zidisha kwa bei ya leo, toa ujira wa mlishaji wa mtambo, guta na matengenezo, kisha gawanya gharama ya ujenzi kwa kinachobaki: hiyo ndiyo idadi ya miezi ya kurudisha mtaji. Ikizidi miaka 4, sogeza mtambo karibu na taka na mama lishe, usibane saruji. Gesi isiyo na sufuria juu yake haina thamani.

Ukubwa: kilo 30 na lita 30 za maji, mara siku 50, ni lita 3,000, ongeza 1,000 za nafasi ya gesi. Ufukie ardhini, maana baridi ya usiku ya Juni na Julai hupunguza gesi. Nusu ya maji hayo iwe majimaji yanayotoka mtamboni. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu.

Anza na samadi mbichi ya ng'ombe na maji, nusu kwa nusu. Gesi ya kwanza haiwaki vizuri na ina hewa ndani. Iachie nje, mbali na moto. Ikianza kuwaka, lisha kilo 5 kwa siku, ukiongeza 5 kila wiki.

Mitambo mingi hufa kwa uchachu. Matunda na machicha ya zabibu huchacha upesi kuliko bakteria wa methani, gesi inayowaka, wanavyoweza kula asidi hiyo. Ukisikia harufu kali ya siki na mwali ukafifia, pima pH, kipimo cha uchachu: ikiwa chini ya 6.5, acha kulisha kwa wiki moja, ongeza samadi na chokaa kidogo kidogo hadi ifike 7.