Mbwa mzee anaumwa mgongo? Namna ya kujua kama ni kansa ya uboho na jinsi ya kumlinda asivunjike

Mbwa ana miaka nane tisa hivi, kaanza kuchechemea, leo mguu huu kesho ule, ukimgusa mgongoni analia, na kila mtu anakwambia ni uzee tu. Inaweza kuwa uzee kweli, ila kuna kansa ya uboho (ule ute wa ndani ya mfupa) inaitwa mailoma inaanza hivyohivyo na wengi wanaishtukia mfupa umeshavunjika.

Iko hivi: mfupa kila siku unaliwa na kujengwa upya, sasa seli za mailoma zikijaa kwenye uboho zinazichochea zile seli zinazokula mfupa mpaka wajenzi hawawezi kuzifikia, mfupa unatobokatoboka kuanzia ndani. Hasa pingili za mgongo, mbavu, nyonga na fuvu. Pingili ikibonyea inabana mishipa ya fahamu iliyopita humo, miguu ya nyuma inapooza. Kalsiamu inayotoka kwenye mfupa inaweza kujaa kwenye damu, ndo unaona mbwa anakunywa maji hovyo, anakojoa sana, anatapika, na figo zinaumia. Kwa hiyo ukiona maumivu ya mifupa na kiu ya ajabu kwa pamoja, usingoje wiki iishe.

Kwa daktari wa mifugo omba vipimo vya damu (protini, kalsiamu, figo), eksirei ya mgongo na nyonga hata kama anachechemea mguu, na sampuli ya uboho. Eksirei ikitoka safi usishangilie mapema, maana mfupa unapoteza madini mengi sana kabla tundu halijaonekana. Na ile stripu ya kuchovya kwenye mkojo mara nyingi haizioni protini zinazotolewa na seli za mailoma, mwambie apime kwa njia nyingine. Halafu huku kwetu kwenye kupe wengi apimwe kwanza erlikia, ugonjwa unaoletwa na kupe, nayo hupandisha protini za damu vilevile na inatibika kwa antibiotiki ya doksisaiklini, itakuwa huzuni kubwa mbwa wa watu kupewa dawa za kansa bure.

Ikithibitika, kawaida ni vidonge vya melfalani (dawa ya kansa) na prednisolone (steroidi). Haiponi kabisa, lakini mbwa wengi wanapata nafuu na kuishi hata zaidi ya mwaka. Kuna na dripu ya pamidroneti ya kupunguza kasi ya mfupa kuliwa, iulizie. Vidonge vya melfalani usivisage, vaa glavu, mkojo wake watoto wasiuguse.

Nyumbani asipande ngazi wala kuruka kutoka kwenye gari. Ukimbeba, mkono mmoja chini ya kifua mwingine chini ya makalio, mgongo unyooke, usimnyanyue kwa kwapa hata siku moja. Diklofenaki na brufeni za watu USIMPE, zinachoma tumbo na kumaliza figo, na pamoja na prednisolone ndo hatari zaidi.

Akishindwa ghafla kusimama kwa miguu ya nyuma, mlaze kwenye ubao, mfunge na shuka asijipindue, mpeleke saa hiyohiyo hata kama ni usiku.