Somo: Sufuria ya viungo ya kuifanya nyumba inukie sikukuu

Habari zenu wapendwa. Niliahidi somo kabla ya Krismasi, nalo ndilo hili. Tunachukua sufuria ndogo ya maji, maganda ya machungwa na viungo vile vile vya pilau, tunaiweka juu ya moto mdogo, nyumba inanukia kuanzia jikoni hadi mlangoni. Zile chupa za kupuliza za dukani mwaka huu zipumzike.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani hufanya hivi kila Desemba. Wanatia chungwa, mdalasini, karafuu, kitawi cha msonobari na vile vitunda vyekundu vichachu, cranberry. Ukiichunguza orodha yao, cha kwao hasa ni msonobari na hivyo vitunda tu. Karafuu na mdalasini walivifuata huku Bahari ya Hindi kwa majahazi na meli, na sisi tunavyo ndani ya kopo la viungo, tena vibichi kuliko vyao.

Najua watu wa Pwani mtasema, "Si tuna udi?" Tunao, na chetezo kibaki mahali pake. Ila udi ni moshi, na kuna wageni moshi unawakaba. Hii ni mvuke mtupu, na harufu yake ni ya jikoni, ya matunda na viungo. Haing'ang'anii nguoni kama udi. Ukitaka khanga zinukie kabatini, hapa sipo mahali pake.

MAHITAJI

Kwa sufuria ya lita 2 chukua maji lita 1, maganda ya machungwa mawili, vijiti viwili vya mdalasini vyenye urefu wa kidole, iliki tano au sita, kipande cha tangawizi kama kidole gumba, na mche mmoja wa mchaichai. Karafuu ni kijiko kimoja cha chai, basi. Wengi huharibu hapo: wanamimina kiganja kizima, nyumba inanuka kama chumba cha daktari wa meno. Wala si bahati mbaya, maana yale mafuta yaliyomo kwenye karafuu, yaitwayo kitaalamu eujeno (eugenol), ndiyo madaktari wa meno hutumia kutulizia jino. Karafuu ina sauti kubwa, ukiizidisha hutasikia kingine.

Karafuu nzuri utaijua kwa kucha. Bonyeza lile tumba kwenye shina. Ikiwa bado ina uhai, mafuta yatajitokeza na kucha itanukia. Ikivunjika kavu kama kijiti, imekaa dukani mno.

Mdalasini sokoni uko wa namna mbili. Kuna ule wa Zanzibar, mwembamba, umejikunja tabaka juu ya tabaka kama karatasi. Na kuna ule mnene, mgumu, wa ganda moja, unaotoka Uchina na Indonesia. Kwenye chai mimi nataka ule mwembamba. Kwenye sufuria hii tia ule mnene: ni mkali, unavumilia moto, na bei yake ni nafuu. Mwenye mti wa mdalasini uani achume majani matatu manne ayatie. Watu huyasahau, na majani yake yananukia kwa kukaribia karafuu kuliko gome lenyewe.

Unga wa viungo usitie. Unazama, unashika chini ya sufuria, unaungua.

HATUA YA KWANZA: MAGANDA

Osha machungwa kwa maji ya uvuguvugu, uyasugue. Kisha menya ganda jembamba, ukiacha weupe mwingi kwenye tunda. Harufu yote ya chungwa iko kwenye vile vitone vidogo vya juu ya ganda. Likunje ganda mbele ya dirisha lenye jua, utaona ukungu mwembamba wa mafuta unaruka. Huo ndio tunaoutafuta. Ule weupe wa ndani hauna kitu, unaongeza uchungu na kuvimba majini tu.

Msidharau machungwa ya kijani ya Muheza. Chungwa la nchi za joto hubaki kijani kwa sababu usiku hakuna baridi ya kuligeuza rangi. Ganda lake lina mafuta kama kawaida. Chenza nazo ni tamu kwa kazi hii, zina harufu laini zaidi.

Machungwa yenyewe kuleni, msiyatie. Nimeona picha za sufuria zimejaa vipande vizima vya matunda. Zinapendeza kwa kamera, lakini nyama ya chungwa ikichemka saa moja hutoa harufu ya jamu iliyochacha.

HATUA YA PILI: VIUNGO

Vunja mdalasini vipande viwili. Pasua iliki kwa kisu, usizisage. Tangawizi ikate slesi bila kuimenya. Mchaichai uponde kidogo upande wa chini kisha uufunge fundo usisambae. Karafuu ziache nzima.

Kama una dakika moja ya ziada, tia mdalasini, iliki na karafuu kwenye sufuria kavu kwenye moto mdogo, ukitikisa. Zikianza kunukia tu, mimina maji. Zikitoa moshi umechelewa.

HATUA YA TATU: MOTO

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Maji yakichemka mara moja, shusha moto mpaka mwisho kabisa. Usifunike. Unachotaka kuona ni vipovu vichache vinavyopanda kimoja kimoja pembeni, na mvuke mwepesi unaopaa taratibu.

Sababu yake ni hii. Mafuta ya viungo hayachanganyiki na maji, lakini mvuke huyabeba. Pale Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hukamua mafuta ya karafuu kwa kanuni hiyo hiyo: mvuke unapita kwenye makonyo, unayachukua mafuta, unapozwa, mafuta yanatengwa. Kiwandani wanataka mafuta yote yatoke. Wewe unataka yatoke kidogo kidogo jioni nzima. Ukiyachemsha kwa fujo, ndani ya dakika ishirini harufu ya chungwa imekwisha, jikoni kumejaa jasho ukutani, na kilichobaki ni maji ya kahawia.

HATUA YA NNE: KUANGALIA MAJI

Kila nusu saa chungulia. Maji yakishuka chini ya nusu ongeza ya moto, si ya baridi, usije ukaizima harufu. Usitoke nyumbani ukaiacha, usilale ukaiacha. Sufuria ikikauka, karafuu na maganda yanaungua, na harufu ya maganda yaliyoungua itakaa na wewe mpaka Mwaka Mpya.

Wanaotumia mkaa nisikilizeni. Sufuria ikae juu ya makaa yaliyobaki baada ya kupika, huko huko barazani au jikoni penye hewa, mlango wazi. Jiko la mkaa lisiingizwe sebuleni kwa sababu ya harufu. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haionekani, hainuki, na inaua watu usingizini. Mkitaka harufu sebuleni, ibebeni sufuria yenyewe ikiwa ya moto, iwekeni juu ya kibao mahali mtoto hafiki. Itanukia robo saa nyingine.

HATUA YA TANO: VITU VYA MWISHO

Vitu laini haviwezi moto mrefu. Mrehani, asumini, kijiko cha marashi ya mawaridi: hivi tia ukishazima, wageni wakiwa mlangoni.

Kesho yake sufuria ile ile inatumika tena. Ikipoa, mimina kwenye chombo chenye mfuniko, weka kwenye friji, kesho ongeza maganda mapya na maji. Siku ya tatu mwaga kwenye shina la mgomba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, Moshi: Dada, hii si nyungu ile ya kujifukiza ya wakati wa korona, 2020? Naweza kujifunika blanketi nikajifukiza humo humo?

Jibu: Hapana mpendwa. Ile ya 2020 kila mtu aliingia na blanketi lake, na wapo walioungua. Hii inanukia kutoka mbali, kichwa usikiinamishie. Halafu kijiko cha karafuu kwenye mvuke wa karibu kitakuwasha macho.

Swali, Nairobi: Mimi napika kwa gesi na gesi yenyewe bei imepanda. Niiwashe siku nzima?

Jibu: Nusu saa inatosha kwa nyumba ya vyumba viwili. Anza wakati unapika, tumia jiko dogo la pembeni, uzime wageni wanapokaribia. Na usiipime harufu ukiwa umesimama jikoni, maana pua huzoea haraka ukadhani imekwisha. Toka nje dakika tano, urudi, utaisikia. Jambo jingine la huko kwenu: Nairobi iko juu, maji yanachemka kwenye nyuzi joto kama 94 badala ya 100, kwa hiyo utayaona yanatokota mapema. Usishtuke, shusha moto tu.

Swali, Tanga: Shikamoo dada. Mti wa Krismasi kwetu ni mvinje. Nitie na kitawi chake?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mvinje unapendeza ukipambwa, ila ndani ya sufuria utaona majani yanaelea tu, harufu hauna ya maana. Anayekaa Mufindi au Lushoto penye misonobari ndiye wa kutia, tena kitawi cha urefu wa kiganja, kilichooshwa. Wewe tia jani la mlimau, ulichane kwa mkono kabla ya kulitia.

Swali, Muscat: Bi mkubwa, sisi tunataka kuifanya Idi. Nibadilishe nini?

Jibu: Punguza tangawizi, ongeza iliki, na huko mna kitu ambacho huku tunakitamani: limau kavu, lumi. Toboa mbili tu. Zina uchachu wenye moshi kidogo, zinakaa vizuri na mdalasini. Ukizima moto malizia na marashi ya mawaridi ya Jabal Akhdhar, kijiko kimoja. Yale yana moshi wake pia, kwa hiyo yakiwepo lumi iwe moja.

Swali, Bukoba: Nalima vanila kidogo. Maganda niliyokwisha kukwangua mbegu yanafaa?

Jibu: Yanafaa sana, na mbegu zako baki nazo kwa keki au uziuze. Ganda moja lipasue, litie mwanzoni pamoja na mdalasini, maana vanila inataka muda, ni tofauti na maua. Hapo karafuu zipunguze ziwe nusu kijiko, la sivyo vanila haitasikika.

Swali, Dar es Salaam: Mtoto wangu ana pumu. Na tuna paka.

Jibu: Kwa mtoto, jaribu kwanza kwa maganda ya chungwa na mchaichai peke yake, dirisha wazi, dakika kumi. Akikohoa au kifua kikibana, zima na uachane nayo. Hata harufu ya asili inaweza kumsumbua mwenye pumu. Paka naye: usitie matone ya mafuta yaliyokamuliwa, ya karafuu wala ya mkaratusi. Ini la paka haliwezi kuyavunja vizuri kama letu. Kiungo chenyewe ndani ya maji ni chepesi zaidi, lakini mwachie paka mlango wa kutokea na asiyanywe yale maji. Wenye kasuku ndani nao wawe waangalifu, ndege hawastahimili harufu nzito.

Swali, Mombasa: Naweza kutumia rice cooker? Ina sehemu ya kuweka vuguvugu.

Jibu: Inafanya kazi, mfuniko ukiwa wazi. Lakini mpira wa mfuniko na vile vitundu vya mvuke vinashika harufu, wali wa kesho utakuwa na karafuu. Kama una kuukuu ya pembeni, sawa.

Swali, Mwanza: Inaondoa harufu ya samaki?

Jibu: Haiondoi, inaifunika. Fungua madirisha kwanza, mwaga maji ya samaki, osha sinki, chemsha kikombe cha maji na siki dakika tano. Ndipo uanze sufuria yako. Ukiirukia moja kwa moja utapata sangara mwenye mdalasini.

Swali, Ujerumani: Nataka kuwapa majirani zawadi. Inawezekana kuiandaa kavu kwenye chupa?

Jibu: Inawezekana. Hapa tu tunatumia chungwa zima, maana linakaushwa kwanza. Kata machungwa slesi za nusu sentimeta, yapange kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa saa tatu hadi nne, ukigeuza katikati. Yawe makavu yanayokatika, si ya kunata. Yaache yapoe kabisa, kisha panga kwenye chupa na mdalasini, iliki na karafuu. Tangawizi mbichi na mchaichai mbichi usitie, unyevu wake utaleta ukungu ndani ya wiki. Kitawi usikate kwenye mti wa Krismasi wa kununua, mingine hupuliziwa dawa, na huko kwenu kuna mti uitwao yew wenye sumu unaofanana na msonobari kwa asiyeujua. Kwenye karatasi ya chupa andika: maji lita 1, moto mdogo, si ya kunywa.