Somo: Kuchangia mradi huria wa kidhibiti chaji cha sola ukiwa Bukavu

Ndugu mafundi, anayefungua vidhibiti vya sola kila siku pale Kadutu ana kitu ambacho mbunifu aliye mbali hana: vipimo vya batri zinazotumika kweli. Mradi huria ni ule ambao programu na michoro yake iko wazi mtandaoni, kila mtu aweze kuichangia. Mchango wako uanzie hapo kwenye vipimo, hata kama hujawahi kuandika msimbo (maagizo ya programu).

1. Fungua faili za mradi za LICENSE (leseni) na CONTRIBUTING (namna ya kuchangia). Programu inaweza kuwa chini ya leseni ya GPL na bodi chini ya leseni ya vifaa ya CERN-OHL, kila moja na masharti yake.

2. Pima. Hatua hii nawasihi msiiruke. Skrini inasema 14.4 V, lakini multimeta kwenye vichwa vya batri inasoma 13.9. Usilaumu programu bado. Pima tena kwenye skrubu za kidhibiti chenyewe. Ukikuta 14.4, volti zinapotelea kwenye waya mwembamba au kiungo kilicholegea. Ukikuta 13.9 hata pale, hitilafu ni ya kidhibiti. Andika toleo la bodi, toleo la programu, aina na ukubwa wa batri, na joto la chumba.

Joto hasa! Volti za kuchaji batri ya asidi kwa kawaida hupangwa kwa nyuzi 25. Joto likishuka nyuzi moja, batri ya 12 V hutaka takriban milivolti 24 zaidi. Kwa hiyo chumba cha nyuzi 18, kama tulivyo navyo huku kwetu, kinataka karibu 14.6 V badala ya 14.4. Kidhibiti kisichopima joto hakiijazi batri vizuri, nayo inakufa mapema. Ripoti ya namna hiyo yaweza kuokoa batri nyingi.

3. Tafuta kwenye ripoti za mradi kama kuna aliyekwisha kuripoti tatizo hilo. Yupo? Ongeza vipimo vyako chini ya ripoti yake.

4. Ukitaka kugusa msimbo, tengeneza nakala yako ya mradi, kisha uishushe kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ukiandika `git clone --depth 1`. Inaleta hali ya sasa bila historia yote, mega haziishi ovyo. Fungua tawi jipya (mstari wa kazi yako pembeni ya msimbo mkuu), rekebisha jambo moja tu. `git commit`, yaani kuhifadhi mabadiliko yako, haihitaji intaneti. Mtandao ukirudi ndipo utume na kuomba tawi lako liunganishwe na mradi mkuu.

Maswali ya wanachama

*Yaya, mimi ni fundi wa kulehemu tu, kompyuta siijui. Nifanye nini?*
Vipimo na picha. Kisha mwongozo wa kufunga kwa Kiswahili: batri kwanza, paneli baadaye; kufungua, paneli kwanza. Ukigeuza, kidhibiti kinaweza kuungua.

*Nimebadilisha mchoro wa bodi kwa KiCad, programu ya kuchora bodi. Niutume?*
Uliza kwanza. Mchoro uliobadilishwa na watu wawili kwa pamoja ni kazi ngumu kuuunganisha. Tena bodi ikishachapwa haisahihishwi kwa kupakia toleo jipya, ndiyo maana wasimamizi wa mradi wanakagua polepole.

*Niko Goma, nimetuma, kimya. Nisubiri hadi lini?*
Wengi wa wasimamizi wanajitolea baada ya kazi zao. Zikipita wiki mbili, kumbusha kwa upole palepale. Usifungue ripoti ya pili.