Mikumi siku ya sikukuu: jinsi ya kuingia na kundi bila kununiana

Mimi ni dereva wa gari la wazi, kazi yangu kuzungusha wageni ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Iddi Pili iliyopita nilipokea familia kutoka Dar. Kwenye simu walikuwa watu 19, getini wakashuka 23. Tuliingia saa tano na nusu, jua limeshapanda na simba wameshajificha kwenye vivuli. Kosa lilikuwa langu nusu, na nusu hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Hatua ya 1: Lala Mikumi

Kutoka Dar ni kama kilomita 300. Hata ukiondoka saa kumi usiku, foleni ya Chalinze itakukamata, Morogoro mtasimama kunywa chai, na mtafika getini pamoja na kila Coaster iliyoondoka Dar saa hiyo hiyo. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Aliyelala Mikumi mjini anakuwa pale akiwa ameshapiga mswaki na kunywa uji.

Kuna wanaokuja kwa treni ya SGR mpaka Morogoro kisha wanakodi gari. Ni njia nzuri, nami naipenda, ila sikukuu tiketi huisha mapema. Na kutoka stesheni bado una safari ya kilomita 100 hivi. Kwa hiyo njoo na treni ya jana yake, maana hata treni ya kwanza ya siku yenyewe haikufikishi mapema.

Hatua ya 2: Gari

Coaster ibaki nje. Najua utasema nasema hivyo kwa sababu ninauza siti za gari la wazi, na ni kweli ninaziuza. Lakini kwenye Coaster aliyekaa upande wa kushoto anaona twiga, na wa kulia anaona kisogo cha shemeji yake. Noah ndiyo kabisa: iko chini, nyasi zikiwa ndefu mtaangalia nyasi. Usivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda rangi hizo.

Hatua ya 3: Orodha ya watu kabla ya malipo

Hapa soma polepole.

Hifadhi hulipiwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo. Unataja idadi ya watu na aina yao, unapewa namba, unalipa kwa simu au benki. Watu wengi wanadhani ugumu uko kwenye kulipa. Kulipa ni dakika mbili. Kazi iko kwenye maneno hayo mawili, "idadi" na "aina".

Idadi kwanza. Usiombe namba ya malipo kwa idadi uliyoambiwa kwenye simu wiki iliyopita. Sikukuu watu huzaliana njiani: mtoto wa jirani kaomba, house girl hakutaka kubaki, mjomba wa Morogoro kasikia mnapita naye kapanda. Mimi niliomba namba ya watu 19 nikiwa bado nyumbani, nikajiona mjanja. Walipofika 23 ikabidi tuombe nyingine ya wanne, na wakati huo foleni nyuma yetu ilishafika barabarani. Siku hizi nafanya hivi: watu wote wanashuka, wanasimama kando ya gari, nawahesabu kwa kuwagusa bega. Wanacheka, lakini wanahesabika.

Sasa aina, maana hapa ndipo tulipopotezea saa mbili. Viwango viko tofauti. Raia wa Tanzania na wa nchi za Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na kwa Mikumi mtu mzima ilikuwa 5,900 pamoja na VAT mara ya mwisho nilipolipa. Mgeni wa nje hulipa kwa dola, 30 kabla ya VAT. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 ana kiwango chake cha chini, na aliye chini ya miaka 5 halipi. Angalia viwango vipya kabla hujachangisha watu, maana hubadilika.

Mimi nilitazama nyuso nikaandika wote Watanzania. Nani angeandika vingine? Wanaongea Kiswahili, wanakula sambusa, mmoja anamwita mwenzie "mbwa wewe" kwa lafudhi ya Temeke. Kumbe binti mmoja kazaliwa Uingereza, ana pasipoti ya huko, na mdogo wake vilevile. Walipoombwa vitambulisho wakatoa hizo pasipoti. Mama yao akaniambia, "Mwanangu, hawa si wa kwetu? Bibi yao kazikwa Kilosa!" Nikamjibu, "Mama, bibi ni wa kwetu, pasipoti siyo." Akaacha kunisemesha.

Tofauti ya fedha haikuwemo kwenye michango, hivyo ikaanza harambee ya ghafla pale kwenye maegesho. Huyu ana elfu ishirini, yule hana salio, mwingine anataka kutuma lakini analalamikia makato. Kwa hiyo:

- Siku tatu kabla, kila mtu atume picha ya kitambulisho kwa mtu mmoja. NIDA, pasipoti, chochote chenye uraia. Kwa watoto, cheti cha kuzaliwa.
- Shemeji Mkenya au Mganda asiogope, analipa kama wewe, ila aje na kitambulisho chake. Mkenya asiye na karatasi ni mgeni tu kama wageni wengine.
- Mtanzania wa diaspora aliyebadilisha uraia aambiwe mapema, tena faraghani. Usimwambie getini mbele ya wakwe.
- Mlipaji awe mmoja, mwenye fedha yote kwenye simu moja, pamoja na akiba ya watu wawili au watatu.
- Hesabu watu. Kisha omba namba. Mpangilio ni huo huo, usiugeuze.

Na chaji simu ya mlipaji. Utacheka, lakini nimeiona ikizima.

Hatua ya 4: Ndani, kimbia kundi

Mikumi ina kilomita za mraba 3,230, lakini siku ya sikukuu utadhani ni uwanja wa shule, kwa sababu wote tunafuata barabara zile zile kati ya geti, bwawa la viboko na uwanda wa Mkata. Redio ya gari ikisema "sharubu", maana yake simba, baada ya dakika kumi kuna magari kumi na tano, injini zinanguruma, watoto wanapiga mbinja, na simba kageuza mgongo.

Mimi siendi. Naenda upande wa pili, nazima injini kwenye mti mkubwa, tunasubiri. Siku ile ya Iddi tulikaa hivyo, wenye haraka wakaanza kunung'unika. Kisha tembo jike akatoka vichakani na mtoto wake, akasimama mbele yetu, akang'oa fundo la nyasi, akalipiga gotini mara mbili kuondoa udongo, ndipo akala. Yule mama aliyeninunia akanong'ona, "Anakung'uta kama mchicha." Tukapatana.

Kundi la simba utalikuta mchana likiwa limebaki na magari mawili, wenzio wakienda kula. Wewe ule mapema, saa tano, pale bwawa la viboko ambapo kushuka kwenye gari kunaruhusiwa. Chakula kibaki kwenye ndoo yenye mfuniko. Nyani wa pale hawaogopi mtu. Nimemwona mmoja akifungua hotpot ya pilau kwa mikono miwili, akachagua nyama, wali akauacha.

Hatua ya 5: Mpango ukiharibika

Mvua ikinyesha usiku, Mkata hugeuka tope. Udongo ule mweusi hushika tairi kama ugali wa moto. Askari wakisema njia fulani haipitiki, usibishane wala usimhonge dereva "ajaribu kidogo". Dereva atakayekubali ndiye atakayewaomba msukume, na kusukuma gari kwenye nyasi ndefu za Mikumi si mchezo.

Kubalianeni kabla ya safari nani ana neno la mwisho. Mtu mmoja, si kamati.

Kama mna siku ya pili, geukeni Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Kutoka Mikumi mjini mnashika barabara ya Ifakara, mnapita Kidatu na mashamba ya miwa mpaka Mang'ula. Kule hakuna haja ya gari, mnapanda msituni kwa miguu na mwongozaji mpaka maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi. Ni kiingilio kingine, na mwende asubuhi. Bibi mwenye magoti mabovu abaki chini na soda yake.

Hatua ya 6: Kutoka

Muwe getini kabla ya saa kumi na mbili jioni. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, mwendo una kikomo, na vibao vya faini za kugonga wanyama vimeandikwa kwa kila mnyama na bei yake. Twiga mmoja ni ghali kuliko Noah yako.